Mama Mkwe Anadhani Kichwa Chake Kimeharibika, Kumbe ni Kompyuta Yangu

Mpendwa Bi Mwanne,

Naomba msaada, na naomba pia usilichape jina langu, ingawa sijui itasaidia nini, maana hapa Bariadi mafundi wa redio na televisheni tuko wawili tu na mwenzangu hajaoa, kwa hiyo yeyote atakayekutana na neno "mama mkwe" ameshanijua. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Mama mkwe nitamwita Nyanjige, ambalo si jina lake, na akina Nyanjige wote wa mkoa huu wa Shinyanga wanisamehe.

Nianze na shukrani, kwa sababu bila hiyo shukrani tatizo lenyewe lisingekuwepo. Miaka sita iliyopita mke wangu Violeth alijifungua pacha kwa kupasuliwa, Kulwa akatoka mzima, Doto akatoka mdogo kama kifaranga cha wiki mbili, na Violeth mwenyewe akalala hospitali wiki tano bila kujua kama ni asubuhi au jioni, mimi nikabaki nimesimama uani na bisibisi mkononi kama mtu aliyeitwa kutengeneza dunia akakuta haina skrubu. Mama mkwe akafika kutoka Mwamanyili siku ya pili, pamba yake imepasuka shambani haijachumwa, akamfunga Doto kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya kanga mbili, akakaa naye hivyo mwezi na nusu, akipika naye, akifagia naye, akisali naye, mpaka mtoto mwenyewe akakata shauri kubaki. Ile pamba nyingi ilidondoka ikala vumbi. Leo Doto anaruka kamba na ananijibu vibaya, na kila akinijibu vibaya namshukuru Mungu na bibi yake.

Wewe uko Dar es Salaam, labda mambo ya wakwe wa huku huyajui. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso, hawapeani mkono, hawali pamoja, akikuona njiani anakata kona, na akisikia upo chumbani hakai humo. Si ugomvi, ni heshima. Vijana wengi wa mjini wameshaiacha, wanakaa na wakwe kwenye kochi moja wanagombania karanga, lakini mama huyu hajaiacha na mimi siwezi kuwa mtu wa kumwachisha. Kwa hiyo namjua kwa nyayo, kwa kikohozi na kwa kanga zake. Sijawahi kumwambia asante uso kwa uso, kwa sababu huo uso wenyewe siujui vizuri.

Sasa mwaka jana mwezi wa tisa alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akavunjika paja, tukamleta hapa hospitali, na alipotoka daktari akaamuru akae kwetu, na akasema kukaa maana yake ni kukaa. Mwanamke ambaye tangu azaliwe alikuwa anakaa wakati wa kula tu na wakati wa misa, akawekwa sebuleni mguu juu ya kigoda, kutwa anatazama pazia. Violeth anaondoka asubuhi kwenda kiwanda cha kuchambua pamba anakofanya kazi ya mizani, watoto wako shule, na mimi karakana yangu ni chumba kilichopakana na hiyo sebule, ukuta mmoja tu katikati, ila yeye alidhani mchana nazunguka kwa wateja. Nilikuwa namsikia anavyohema. Bi Mwanne, mtu akichoka kwa kazi anahema kivyake na akichoka kwa kukaa anahema kivyake, na huyu wa pili hupendi kumsikia.

Televisheni ilikuwepo, na dishi liko juu ya bati. Tangu biashara iwe huria vituo vimejaa hewani kama wanunuzi wa pamba mwezi wa saba. Lakini mama anachopenda ni taarifa ya habari na utabiri wa hali ya hewa, na hivyo vinakuja saa mbili usiku wakati yeye saa moja ameshalala kama watu wote wenye akili, na mchana kulikuwa na muziki wa vijana tu, ambao aliutazama siku moja akamwambia Violeth, "Hawa watoto wamekanyaga siafu, hakuna wa kuwasaidia?"

Ndipo nikapata wazo, na mawazo yangu Violeth anayaogopa. Nilishasoma kwamba kuna kijibao cha kijani, wanakiita kadi ya televisheni, unakipachika ndani ya kompyuta, kinapokea picha kutoka kwenye resiva ya dishi na kuzihifadhi, ukazitoa siku unayotaka. Nikaenda kwa Gharib, mwenye duka la vitu vya mtumba, ambaye analeta kompyuta kutoka Mwanza, nazo zimefika Mwanza baada ya watu wa Ulaya kuzichoka.

"Hii ilikuwa ya ofisi, fundi," akaniambia. "Haijawahi hata kutukanwa."

"Haina ugonjwa?"

"Ina kelele kidogo tu. Na kelele ni afya."

Akaiwasha. Mashine ya kukoboa mpunga ya jirani yake iliona haya.

"Unaipeleka wapi?" akauliza.

"Ya mama mkwe hii."

Gharib akaizima mashine. "Wenzako wanawapelekea wakwe sukari. Wewe unampelekea injini. Kakukosea nini mama wa watu?"

Na hapo ndipo penye kazi yenyewe, kwa sababu hiyo mashine ilibidi ikae karakana, niiendeshe mimi, waya upite kwenye tundu la ukuta mpaka kwenye televisheni, na kama ingenguruma, mama angejua kwamba nipo pale nyuma ya ukuta, na akijua nipo angeinuka kwa heshima, na mguu ule, akaenda kukaa jikoni. Kwa hiyo nilitaka kompyuta ambayo haipo. Nilikwenda Mwanza mara mbili kukaa kwenye intaneti kafe nikinakili kwa kalamu, na kilichobaki nilijifunza kwa kuunguza. Feni zinazopiga kelele nikazitoa, nikaweka moja kubwa na kuipa umeme nusu ili izunguke kivivu kama ng'ombe aliyeshiba. Kwenye ubongo wa mashine nikafunga bati nene la alumini la kupooza moto, nililolitoa kwenye amplifaya ya kwaya iliyoungua Pasaka. Diski, ile inayotunza picha, nikagundua inatetemesha sanduku zima, nikaining'iniza kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ikawa inabembea humo kama mtoto mgongoni. Nikajidanganya siku moja kwamba nikilizungushia sanduku godoro litatulia zaidi, na lilitulia kweli, mpaka Violeth akauliza kutoka uani, "Baba Kulwa, unapika nini humo?" Godoro nikalitoa.

Ilipokamilika nikamweka Violeth katikati ya karakana amefumba macho, nikamwambia anyooshe kidole mashine ilipo. Akasikiliza, akasikiliza, akanyooshea kuku aliyekuwa analalia mayai kwenye kona. Sijawahi kupata cheti maishani, lakini nadhani siku ile nilipata.

Basi mwaka mzima, Bi Mwanne, tukaishi kwa raha. Usiku mashine inarekodi habari na utabiri, kesho yake mchana mama akishakunywa uji na kuketi, nabonyeza, habari zinaanza. Yeye sikumwambia kwamba kuna mashine. Mwanzo nilikusudia Violeth amweleze, halafu nikamsikia mama akimwambia binti yake, "Televisheni ya mumeo ina adabu. Inanisubiri nimalize uji." Nikaona niiache sifa ikae kidogo, kisha ikakaa sana, na Violeth naye akadhani nimeshamtuma mtu mwingine amweleze. Mtangazaji akisema habari za leo, mama anaitikia, anauliza na yeye za kwao. Utabiri ukisema upepo, anafunga dirisha. Na kwa kuwa utabiri wenyewe ulikuwa wa jana tu, hakukosea hata mara moja, akawa anatuma maneno kijijini kwa kaka yake Violeth, nitamwita Bujiku, lini aanike matobolwa, vile viazi vya kukausha, lini aezeke. Bujiku anapanda juu ya kichuguu ndiyo apate mtandao wa simu, na kule chini majirani wanasubiri wasikie mama kasemaje. Akiwa amekaa na mguu juu ya kigoda hapa Bariadi, alikuwa anaendesha kilimo cha nyumba tano za Mwamanyili.

Mwezi uliopita nguzo ya umeme ikaanguka, tukakaa siku mbili bila umeme. Ukarudi siku ya tatu asubuhi. Mama akanywa uji, akaketi, na mimi sina kitu, mashine haikurekodi chochote. Nikamsikia anasubiri. Nikaona aibu, kama mtu ambaye mgeni amenawa mikono na ugali haujasongwa. Sasa kuna rekodi moja nilikuwa naitunza, ile ya kwanza kabisa kukubali, ya mwezi wa kumi na moja mwaka jana, sikuifuta kwa mapenzi tu. Nikasema, habari ni habari, nikaibonyeza. Nikamsikia mama akishangaa, "Huyu binti juzi alikuwa na misuko, nywele zimekatwa lini?" Nikacheka peke yangu. Halafu ukaja utabiri, kijana akasema mvua za msimu zinaanza Kanda ya Ziwa ndani ya wiki hiyo, wakulima waandae mashamba, na mimi, Bi Mwanne, nilikuwa naunga waya wa pasi ya mtu na wala sikusikiliza.

Jioni mama akamwambia Violeth ampigie Bujiku. Akasema kwenye simu, "Panda, ng'wanone, mwanangu, panda kabla ya Jumapili, waambie na wenzako." Wakapanda nyumba tano, mahindi na pamba, kwenye udongo mkavu. Wiki tatu hakukunyesha hata tone. Kwale wakafukua mahindi, mbegu za pamba zikaungulia ardhini. Bujiku akapanda kichuguu akamuuliza mama yake, kwa adabu tu, "Mayu, hiyo mvua imepitia wapi?"

Nilikuwa karakana wakati wanaongea baada ya ile simu. Violeth akasema, "Mama, mimi wiki ile nilisikiliza redio kazini, wala haikusema mvua. Umesikia vibaya."

"Niliona kwa macho yangu."

"Ulisinzia kwenye kiti, mama. Umeota."

Mama akasema, "Labda."

Mimi nilitegemea abishe. Huyu mama hata padri anabishana naye. Aliposema "labda" bisibisi ilinidondoka, na bado sikusema neno.

Tangu siku hiyo hataki televisheni iwashwe. Na asubuhi, akidhani yuko peke yake, namsikia akiwataja ng'ombe wa marehemu mumewe, mmoja mmoja, yule mwekundu wa baka tumboni, yule wa pembe moja, yule aliyezaa njiani, anajipima kichwa kama bado kipo, na akimkosa mmoja anarudi mwanzo. Amemwambia Violeth kwamba kliniki ya mguu ikiisha mwishoni mwa mwezi ujao anarudi kijijini, kwa sababu mtu aliyeanza kuona vitu hafai kuachwa na wajukuu. Amekataa hata kumsuka Doto, eti mikono inaweza kusahau.

Kusema ukweli nataka, naapa. Lakini nikisema kuna mashine itabidi niseme iko wapi na nani anaiendesha, na hapo mama atajua kwamba mwaka mzima mkwe wake wa kiume alikuwa amekaa hatua mbili kutoka alipo, akimsikia akiimba, akisali, akilalamikia choo, akinisema kwamba natembea kama bata. Kwa watu wetu hiyo si aibu ndogo, itamwingia kuliko kuvunjika paja. Nikinyamaza anaondoka akiamini amerukwa na akili, nikisema anaondoka kwa aibu, na mimi nilichotaka ni kumwambia asante tu, nikakosa njia, nikajenga kompyuta. Je, nimwambie au nitengeneze ujanja mwingine? Nina wazo la rekodi nyingine ambayo ingemfanya aone kwamba televisheni ndiyo iliyokosea, lakini Violeth angekuwepo angesema niliache.

Ni mimi fundi wako, Bariadi.


BI MWANNE ANAJIBU

Fundi,

Hilo wazo la rekodi nyingine liache. Violeth hayupo hapa kukuambia, kwa hiyo nakuambia mimi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili sikucheka. Una moyo wa shukrani, na katika meza hii ninaposoma barua za wakwe wa nchi nzima, hiyo ni bidhaa adimu. Wengi wananiandikia wakiuliza jinsi ya kuwahamisha. Wewe umemjengea mama wa mwenzio mashine kwa mikono yako mpaka ukang'oa mpira wa baiskeli. Hilo ni lako, hakuna atakayekunyang'anya. Lakini asubuhi ile umeme uliporudi hukufanya kosa kubwa. Kosa la rekodi ni la kibinadamu. Kosa kubwa ni pale mkeo aliposema "umeota", mama akasema "labda", na wewe mwenye jibu ukiwa umeinama unatafuta bisibisi. Pale ulimruhusu mwanamke aliyemwokoa mwanao ajivue akili zake mwenyewe, kwa sababu uliona tabu kukohoa.

Unaniambia ni heshima. Hapa ofisini anayepanga kurasa anaitwa Thomasi, mtu wa Maswa, ana mama mkwe na anamkimbia kama inavyotakiwa. Nimemsomea barua yako bila jina. Akasema, "Dada, kwetu mkwe hatazamwi. Lakini ukiwa na neno la lazima, unasimama nje ya ukuta, unakohoa, unasalimia, unasema. Ukuta upo kwa ajili hiyo." Kisha akaongeza, na hapa alikuwa hacheki: "Kinachokatazwa ni kukaa nyuma yake kimya." Kwa hiyo mila yenu ilikuwa na mlango siku zote, wewe ndiye uliyeacha kuupita, ukatoboa tundu la waya.

Unaogopa aibu itamuua. Fundi, mwanamke mzima akijua kwamba kijana kamsikia analalamikia choo ataona haya juma moja, kisha atacheka na wanawake wenzake mpaka kanga zidondoke. Lakini mwanamke anayeamini kichwa kimemtoka anaacha kusuka wajukuu, anaacha kutoa shauri, anaacha kusema njaa, anakaa kusubiri kufa. Wewe umezipima aibu mbili ukachagua kumlinda na ile nyepesi. Na nina wasiwasi kidogo kwamba mtu uliyekuwa unamlinda zaidi ni wewe.

Sasa sikiliza, maana kliniki haitakusubiri.

Leo hii, kabla ya kugusa redio ya mtu, mwambie Violeth yote. Yeye kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyemwambia mama yake ameota, na anayo haki ya kulifuta neno lake mwenyewe. Atakasirika. Mwache akasirike hadi amalize, usimweleze habari za alumini.

Kisha subirini siku ya mapumziko, mchana, umeme ukiwepo, watoto wametumwa kwa jirani. Violeth akae karibu na mama yake, amshike mkono. Wewe kaa hukohuko karakana, lakini safari hii kohoa. Msalimie kwa lugha yenu kwa sauti inayosikika, subiri aitikie, halafu useme mwenyewe, usiutumie mdomo wa mkeo. Sema kuna mashine, sema iko wapi, sema wewe ndiye unayeiendesha na hapo ukutani umekuwa ukikaa tangu alipokuja. Usiseme nusu. Nusu ya pili ataijua kesho kutoka kwa Gharib, na hapo hatakuamini hata ile ya kwanza. Ila yale uliyoyasikia, nyimbo, sala, ng'ombe, bata, hayo usimrudishie wala usimsimulie mtu. Mimi umeniambia, na kwangu yameishia, kwa kuwa jina lake sijui.

Baada ya hapo mwombe Violeth awashe televisheni, uiweke ileile rekodi ya mwaka jana. Kijana aseme mvua inakuja. Rudisha nyuma. Aseme tena. Rudisha, aseme mara ya tatu, kwa sauti ileile, mkono uleule ukinyooshea ramani ileile. Mama hahitaji kujua kompyuta ni kitu gani ili aelewe kwamba hakuna mtu aliye hai anayeweza kurudia kitu namna hiyo. Atajua alichokiona alikiona. Macho yake mazima, masikio mazima, hata nywele za yule mtangazaji aliziona kabla yako, wewe ukacheka. Hilo mwambie: aligundua kabla yako.

Jumapili inayofuata nenda Mwamanyili. Nenda mwenyewe, usipige simu. Beba mbegu za kuwatosha nyumba zote tano, za mahindi na za pamba, na watu wakitoka kanisani simama useme mbele yao kwamba mama hakukosea, kosa ni la fundi wa mjini. Bujiku anazungumza kwa adabu leo, lakini maneno ya mvua yakizunguka kijijini juu ya mwanamke mzee hayachelewi kuota meno, na wewe umekulia upande huo, unajua vikongwe huitwa nini. Acha wakucheke. Kuchekwa kwako ni ukuta wake, na huu una faida.

Mashine hiyo itoe karakana. Iweke sebuleni mbele ya macho yake, na rimoti impe yeye mkononi, afundishwe na Doto, ambaye nadhani anajua tayari. Kila rekodi itanguliwe na sauti yako mwenyewe ikisema ni ya lini: "Mayu, hii ni ya jana," "Mayu, hii ni ya juzi, umeme ulikatika." Akitaka kukutukana wewe na umeme wako, afanye hivyo akijua anaongea na mashine.

Kama baada ya yote bado anataka kurudi kwake, msindikizeni. Ana shamba, ana kanisa, ana watu wanaosubiri chini ya kichuguu. Tofauti ni kwamba ataondoka kama mtu anayerudi kazini, hatakuwa anajificha.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililokufanya uandike ingawa umelizungushia waya kurasa nzima. Siku hiyo ukiwa umekohoa, umesalimia, umekiri, sema wabeja, asante ya kwenu. Sema ni kwa ajili ya nini: kwa ajili ya mtoto, kwa ajili ya kifua chake, kwa ajili ya pamba iliyobaki shambani. Hilo usilirekodi na usimwachie Violeth. Liseme kwa mdomo wako, mara moja, halafu unyamaze. Jibu lake likichelewa, usiondoke hapo ukutani mpaka lije.

Bi Mwanne